Utepe wa Chini

Tulianzia nyuma ya duka la mbegu, Mwanjelwa,
chumba kilichokuwa stoo ya pareto.
Kila mgeni wa kipindi alipiga chafya kabla ya jina lake.
Kamera moja, ya kuazima kwa mpiga picha wa harusi,
kwa hiyo Jumamosi hatukuwa na habari.
Jumamosi watu walioana.

Tulijiita Umande.
Bwana Lusekelo alilichagua asubuhi moja ya Juni,
mikono kwapani, akiitafuta Loleza ndani ya ukungu:
"Ndicho kitu cha kwanza kumgusa mtu wa huku mguuni
akitoka kwenda shamba. Basi."
Sanga wa mabango akalichora ukutani.
Herufi ya mwisho ikakosa nafasi,
ikapinda kona
kama aliyechelewa ibada.

Tukasoma yote.
Gunia la viazi Uyole leo.
Daraja lililobebwa na maji.
Ng'ombe mwekundu, sikio limekatwa, ameonekana Inyala.
Misiba, na saa ya kutoka nyumbani kwenda makaburini.
Tusajigwe alisoma juu koti, chini blanketi;
kamera ilimkata kiunoni, nani ajue.
Umeme ukikatika aliimalizia sentensi gizani,
kwa heshima.

Kisha mnara mmoja, kisha mitatu.
Iringa wakatupata. Njombe wakatupata.
Siku ya mvua, Mungu mwenyewe anajua kwa nini, hata Songea.
Kamera sita. Kapeti. Mlinzi getini
anayeniomba kitambulisho,
mimi niliyebeba matofali ya geti lile.

Wakaja vijana wa Dar na kompyuta nyembamba kama sahani.
Walikaa siku nne, wakalalamikia baridi, wakasifu ndizi,
kisha wakatueleza, taratibu, kama wanaotoa taarifa ya msiba,
kwamba umande hauuziki:
ni maji, tena saa tatu umeshakauka.
Kuanzia Jumatatu sisi ni Upeo 24.
Mama Anyitike, aliyekuwa akigawa chai, akauliza:
"Ishirini na nne ya nini?"
"Saa, mama."
"Na mtalala lini?"

Kwetu mtoto akilia usiku kucha
husemwa analilia jina;
hutajiwa majina ya waliotangulia, moja moja,
mpaka anyamaze.
Huyu wetu hakulia.
Alikuwa amelala.

Rangi nyekundu ikapita juu ya kazi ya Sanga, mikono miwili.
Jua likipiga ubavuni, ile herufi
bado unaiona inapinda kona.
Tusajigwe akafundishwa kutabasamu kwa kipimo,
asiseme tena "ndugu zangu",
ausugue ulimi mpaka Rungwe isisikike.
Alijaribu. Siku ya pili alisoma ajali ya basi
na lile tabasamu likasahau kuondoka.

Bei ya viazi ikashushwa kwenye utepe.
Ndipo nilipo mimi, mwandika utepe.
Juu wanabishana vita na dola;
chini ya videvu vyao ninapitisha magunia.

Mama yangu, Ilembo, anasoma kwa kidole.
Zamani alikibandika kwenye kioo cha televisheni,
akasogea neno kwa neno, akaijua bei
kabla dalali hajapiga honi.
Wiki ile alinipigia:
"Nimefika 'gu-ni', neno limeshatoka mlangoni.
Mnakimbizwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilisema nitaulizia.

Jana, zamu ya usiku, saa kumi,
msimamizi kasinzia, shingo imemwangukia begani.
Nikafungua ukurasa ambao si wa ngazi yangu.
Kasi: nane.
Nikaandika mbili.

Viazi vikaanza kuvuka nchi nzima
kama mwanamke mwenye mzigo kichwani
anayechagua pa kukanyaga kwenye tope.
Uyole. Gunia. La debe. Sita.
Mtangazaji wa juu alimaliza mapinduzi mawili
na sisi bado tuko kwenye debe.

Simu ikatetema mfukoni.
"Nimesoma lote," akasema mama.
Nikasikia kuni zikivunjwa.
"Hiyo bei ni wizi."